Dizaina wa Kujitegemea: Riziki ya Usanifu wa Michoro kutoka Ndungu

Dizaina wa kujitegemea ni fundi anayesanifu nembo, kadi, mabango, vifungashio na matangazo kwa wateja wengi bila kuajiriwa na yeyote kati yao. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi wala bosi wa kumwamrisha, lakini pia hana idara ya kumtafutia wateja, kudai madeni au kushughulikia kodi. Shughuli zote hizo ni zake. Ndiyo maana wapo wanaoijua kompyuta vizuri na bado ufundi huo hauwalishi, na wapo wenye kipaji cha kawaida tu waliojenga nyumba kwa kazi hiyohiyo. Kinachowatenganisha ni utaratibu: jinsi wanavyopokea kazi, wanavyoipangia bei, wanavyoihakiki, wanavyoifikisha kwa mchapaji na wanavyodai chao.

Utaratibu huo una uzito zaidi kwa anayefanya kazi mahali kama Ndungu. Mji huo mdogo uko wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, kwenye tambarare ya mashariki kati ya milima ya Upare Kusini na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Uhai wake ni mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990, ina mashamba ya hekta zipatazo 680 yanayopata maji ya mto Yongoma. Pembeni kuna mashamba ya mkonge, na juu milimani kuna migomba, maharage na tangawizi. Pesa za mavuno zikiingia, harusi hupangwa, maduka hufunguliwa, makanisa na misikiti hukarabatiwa, na kila jambo kati ya hayo huhitaji karatasi, kitambaa au tangazo lililosanifiwa. Wateja, basi, wapo. Kilicho mbali ni mitambo mikubwa ya uchapaji, ambayo iko Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Kosa la herufi moja linaloweza kurekebishwa kwa nusu saa Kariakoo humgharimu dizaina wa Ndungu siku mbili na nauli ya kifurushi cha basi.

Soko la karibu

Mteja wa kwanza ni kamati ya harusi. Harusi moja huzaa kazi kadhaa: kadi za mchango, kadi za mwaliko, bango la ukumbini, na siku hizi tangazo la kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Shule nazo zina msimu wake. Darasa la saba hufanya mtihani mwezi Septemba na kidato cha nne mwezi Novemba, kwa hiyo mahafali hurundikana kabla ya hapo, na kila shule hutaka bango, vyeti na fulana za wahitimu. Upande wa dini kuna makambi ya Waadventista, matamasha ya kwaya za Walutheri, mikutano ya injili na maulidi. Dizaina anayeziweka tarehe hizo kwenye kalenda yake huwafuata wateja mapema, kabla hawajaenda kutafuta huduma Same mjini.

Kundi la pili ni biashara za kila siku: mashine za kukoboa mpunga, maduka ya pembejeo, saluni, wauza vyakula, wakala wa fedha za simu, vikoba na ushirika. Wengi wao huanza kwa kuomba bango tu. Mfanyabiashara akishapata bango, ni rahisi kumwonyesha kwamba jina lilelile, rangi zilezile na nembo ileile vinaweza kwenda kwenye daftari la risiti, stika ya pikipiki na kadi ya biashara. Mteja mmoja anayerudi mara tano kwa mwaka ana faida kuliko wateja watano wa mara moja, kwa sababu hakuna muda unaopotea kufahamiana naye upya.

Kundi la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko linavyoonekana, nalo ni la vifungashio. Mchele wa Ndungu na tangawizi ya Mamba Miamba, huko milimani, vikiuzwa kwa gunia havihitaji dizaina. Vikisagwa, vikipangwa madaraja na kuwekwa kwenye pakiti, vinahitaji lebo, na lebo ya chakula si pambo. Hapo kuna jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mjasiriamali mdogo anayetafuta alama ya TBS huanzia mara nyingi SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Pakiti moja ya tangawizi ya unga inatosha kuonyesha ufundi unaotakiwa. Mzalishaji hutaka jina la bidhaa lijae mbele, picha ya tangawizi, na rangi ya njano inayovutia. Dizaina hulazimika kukumbuka kwamba unga wenyewe ni wa njano hafifu, hivyo pakiti yenye dirisha la plastiki itaupoteza mwandiko wa njano kabisa. Nyuma kuna msimbo wa pau, ule unaotolewa na GS1 Tanzania na kuanza na tarakimu 620. Mashine nyingi za dukani husoma msimbo huo kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo pau zikichapwa kwa rangi nyekundu mashine haizioni. Zinatakiwa kuwa nyeusi au za bluu iliyokolea juu ya nyeupe, na kila upande ubaki uwazi usio na herufi wala mchoro. Tarehe na namba ya toleo huachiwa nafasi tupu isiyong'aa ili mzalishaji agonge muhuri kila anapofungasha. Dizaina anayejua mambo hayo humwokolea mteja gharama ya kutupa maelfu ya lebo.

Kujifunza kazi

Usanifu wa matangazo ulikuwepo Afrika Mashariki kabla ya kompyuta. Mafundi wa brashi waliandika mabango ya maduka, milango ya magari na kuta za hoteli. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vibao jijini Dar es Salaam, na ingawa alifariki mwaka 1972, mtindo wake umeendelea kutambulika duniani kwa jina lake. Kanga nayo ni somo zima la mpangilio: pindo hufunga mchoro pande zote, mji huvuta jicho katikati, na jina hukaa chini mahali panaposomeka mvaaji anapotembea. Bango zuri hufuata mantiki hiyohiyo. Lina kitu kimoja kikubwa kinachoonekana kwanza, mpaka unaolipumzisha jicho, na maneno machache yaliyowekwa yanapotafutwa.

Anayetaka elimu ya darasani anaweza kuipata katika idara ya sanaa bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Vyuo vya VETA hufundisha kompyuta na stadi zinazokaribiana na kazi hii. Walio wengi, hata hivyo, hujifunzia kwenye video za mtandaoni na katika stesheneri, mahali ambapo mtu huanza kwa kuchapa barua na kutoa fotokopi, kisha akaombwa kadi, kisha bango. Njia hiyo ina faida moja ambayo darasa halina: mwanafunzi humwona mteja akiishika kazi mkononi na kusikia malalamiko yake palepale.

Programu tatu za kompyuta zimetawala kazi hii kwa miongo kadhaa: Adobe Illustrator iliyotoka mwaka 1987, CorelDRAW ya mwaka 1989 na Photoshop ya mwaka 1990. Tofauti kati yao ni ya msingi. Photoshop hushughulikia picha zilizoundwa kwa nukta ndogondogo ziitwazo pikseli, na picha ya namna hiyo ikikuzwa kupita kiasi huchakaa na kuonyesha ngazi. Illustrator na CorelDRAW huchora kwa mistari inayokokotolewa kihesabu, yaani vekta, na mchoro wake hubaki safi hata ukitolewa kwenye kalamu na kupelekwa kwenye ubavu wa lori. Nembo yoyote ichorwe kwa vekta.

Tangu mwaka 2013 Adobe imeelekeza programu zake kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, na gharama hiyo ni nzito kwa anayeanza. Nakala za wizi zimejaa, lakini huvunja sheria, mara nyingi hubeba virusi, na huweza kugoma siku ya kazi ya haraka. Zipo za bure zilizokomaa: Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha, na Krita kwa uchoraji wa mkono. Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, hufanya kazi hata kwenye simujanja, kama ilivyo PixelLab ambayo vijana wengi huanzia. Hatari ya violezo vilivyotengenezwa tayari ni kwamba duka la dawa la Ndungu linaweza kujikuta na nembo ileile ya kinyozi wa Morogoro. Kwa posta ya tamasha la siku moja hilo halina neno. Kwa nembo ni balaa, kwa sababu nembo inayofanana na nyingine haiwezi kulindwa kisheria.

Kutoka skrini hadi mtambo

Hatua inayomtambulisha fundi ni kuandaa faili la kuchapwa. Skrini huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mtambo huchapa kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Bluu kali na kijani kinachong'aa kwenye simu havipatikani kwa wino, hivyo vikifika kwenye karatasi hufifia. Dizaina hubadilisha faili liwe katika mfumo wa wino tangu mwanzo na kumweleza mteja mapema kwamba simu yake si kipimo.

Ubora wa picha nao una hesabu yake. Kazi inayosomwa mkononi, kama kadi, huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 hutosha, kwa kipimo hicho, upana wa inchi 4 tu, yaani sentimita 10 hivi. Bango linalotazamwa kwa mbali huridhika na pikseli 100 kwa inchi au pungufu. Shida kubwa kabisa vijijini ni picha zinazotumwa kwa WhatsApp, kwa kuwa programu hiyo huzibana ili zisafiri haraka. Mteja akielekezwa kuituma picha kama waraka, hufika ilivyo.

Kazi itakayokatwa huongezewa ukingo wa milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba kidogo usibaki mstari mweupe. Herufi hugeuzwa kuwa michoro kabla ya faili kutumwa, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine na kuvuruga kila kitu. Fonti zenyewe zichukuliwe zile zenye leseni huria, kama nyingi zilizomo Google Fonts. Kiswahili hakina shida ya herufi ngeni, ila kina maneno marefu yasiyokubali kukatwa ovyo, na kina alama ya ritifaa ambayo baadhi ya fonti za mapambo hazina. Posta ya maulidi yenye Kiarabu hutaka programu inayounganisha herufi na kuziandika kuanzia kulia, na isomwe na mtu wa madrasa kabla haijatoka.

Baada ya hapo kuna uhakiki. Kwenye kadi ya harusi, majina ya wazazi wa pande zote mbili husomwa herufi kwa herufi pamoja na mwanakamati mmoja aliyepewa mamlaka ya kuidhinisha. Namba za simu za michango hupigwa, si kuangaliwa tu. Siku hulinganishwa na tarehe kwenye kalenda: kadi inayosema Jumamosi, 13 Julai 2025 imekwisha kuharibika, kwa kuwa tarehe hiyo ilikuwa Jumapili, na nusu ya wageni watakuja siku isiyo yao. Idhini hutolewa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Kosa likionekana baada ya idhini, gharama ya kuchapa upya ni ya mteja. Likiwa ni kosa ambalo dizaina aliliingiza baadaye, ni yake.

Uhusiano na mchapaji hujengwa polepole. Dizaina wa Ndungu huhitaji wachapaji wawili au watatu anaowafahamu: mmoja wa karibu kwa kazi ndogo za haraka, mwingine Moshi au Arusha kwa mabango na fulana, na mwingine Dar es Salaam kwa vifungashio vya idadi kubwa. Kila mmoja ana vipimo vyake vya faili, siku zake za foleni na bei yake ya jumla. Kwa fulana kuna maamuzi ya ziada. Uchapaji wa skrini hufaa fulana nyingi za rangi chache. Usablimishaji hushika kwenye poliesta, si kwenye pamba. Kumwahidi mteja fulana za pamba kwa njia hiyo ni kumwahidi fulana zitakazopauka zikifuliwa.

Bei

Bei nyingi za mtaani huwekwa kwa kumtazama jirani. Njia ya uhakika huanzia kwenye matumizi. Tuseme dizaina anahitaji shilingi 400,000 kwa mwezi kwa ajili ya maisha. Kompyuta yake ya shilingi 1,080,000 inatarajiwa kudumu miaka mitatu, ambayo ni shilingi 30,000 kila mwezi. Bando la intaneti ni shilingi 40,000, umeme na nauli ni shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 500,000. Akifanya kazi siku 24 kwa mwezi, karibu nusu huishia kwenye mazungumzo, kufuata vifurushi, kujifunza na kudai malipo. Zikibaki siku 12 za saa tano za usanifu halisi, ana saa 60 za kuuza, na kila saa haina budi kuingiza takriban shilingi 8,300. Nembo ya saa 10, kwa hesabu hiyo, haishuki chini ya shilingi 83,000. Anayetoza shilingi 5,000 kwa posta ya saa mbili anamlipia mteja sehemu kubwa ya gharama kutoka mfukoni mwake.

Hesabu hiyo ni sakafu. Juu yake huongezwa thamani ya kazi kwa mteja. Nembo ya kikundi cha vikoba na nembo ya kiwanda cha kufungasha mchele zinaweza kuchukua saa sawa, lakini ya pili itachapwa kwenye kila mfuko kwa miaka, na bei yake huakisi hilo. Gharama ya uchapaji itenganishwe na ya usanifu kwenye ankara. Zikichanganywa, mteja huona bango la bei kubwa na kudhani dizaina amemlangua, kumbe sehemu kubwa ni ya turubai, wino na usafiri.

Makubaliano na malipo

Kazi nyingi za kijijini hufanyika kwa kufahamiana, na hapo ndipo madeni huzaliwa. Mteja ni binamu, mwalimu wa zamani au mzee wa kanisa, na kumdai huonekana kama utovu wa adabu. Wahenga walikwisha sema kukopa harusi, kulipa matanga. Dawa yake ni utaratibu mmoja kwa wote, uliobandikwa ukutani ili usionekane umemlenga mtu. Nusu ya malipo hutangulia. Mteja huonyeshwa rasimu yenye ubora mdogo na jina la dizaina likiwa limepitishwa katikati. Marekebisho mawili yamo ndani ya bei, na la tatu hulipiwa. Faili kamili au kazi iliyochapwa hutoka malipo yakikamilika. Fedha za uchapaji hulipwa zote kabla, kwa kuwa mchapaji wa mbali hakopeshi.

Makubaliano ya maandishi hayahitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha kutaja kazi ni ipi, vipimo vyake, idadi, bei, tarehe ya kukabidhi, idadi ya marekebisho, na nani atakayemiliki mchoro. Huduma za fedha kwa simu, ambazo M-Pesa ilizianzisha kwa wateja wa Vodacom nchini mwaka 2008, zimerahisisha malipo ya awali. Akaunti ya lipa namba hutenganisha pesa za kazi na za nyumbani na huacha kumbukumbu ya kila muamala. Daftari la mapato na matumizi halikwepeki: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mafaili ya wateja yahifadhiwe mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Umeme ukikatika ghafla au flashi ikirudi na virusi kutoka kwa mchapaji, kazi ya miaka mitatu haiendi na maji. Kadi ya mwaka jana huwa na faida pia, kwa sababu shule hiyohiyo itarudi mwaka huu ikitaka bango lilelile na tarehe mpya.

Haki, usajili na kodi

Mchoro ni mali. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za sanaa kwa uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA ndiyo ofisi inayozisajili. Zanzibar ina chombo chake, COSOZA. Alama ya biashara ni jambo jingine. Husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Mfungashaji wa mchele anayelipia nembo anapaswa kuelezwa tofauti hiyo, pamoja na kwamba makubaliano yasiyotaja umiliki huacha mlango wa ugomvi wazi. Nembo ya Taifa haitumiki kwenye matangazo ya biashara bila kibali.

Kumbukumbu za nani alichora nini zina uzito wake. Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, alitambuliwa na wengi kuwa mchoraji wa Nembo ya Taifa, ingawa wapo waliotaja majina mengine. Alifariki mwezi Mei 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, baada ya miaka ya ufukara jijini Dar es Salaam. Dizaina wa leo huepuka mkanganyiko wa namna hiyo kwa kutunza rasimu zenye tarehe, mikataba na mafaili ya mwanzo.

Kuirasimisha shughuli huanza na namba ya mlipakodi, TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mfumo wa mtandaoni, na mwombaji huhitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Leseni ya biashara hupatikana halmashauri, kwa Ndungu ikiwa ni Halmashauri ya Wilaya ya Same. Viwango vya kodi kwa wafanyabiashara wadogo hubadilishwa mara kwa mara na Sheria ya Fedha inayopitishwa kila mwaka kabla ya Julai, hivyo ni busara kuuliza ofisi ya TRA kila mwaka mpya wa fedha. Taasisi au kampuni inayolipa huduma za kitaalamu hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dizaina aombe cheti cha makato hayo, maana huhesabiwa kama sehemu ya kodi aliyokwisha kulipa. Urasimishaji hufungua pia mlango wa zabuni: shule za serikali, hospitali na halmashauri hazinunui kwa mtu asiye na TIN.

Wateja wa mbali

Mtandao umeondoa sharti la mteja na dizaina kuwa mji mmoja. Fiverr ilianza mwaka 2010. Upwork ilipata jina hilo mwaka 2015 baada ya kuunganishwa kwa Elance na oDesk. Masoko hayo humkutanisha dizaina na wateja wa dunia nzima, lakini pia na mamilioni ya washindani, na hutoza ada: Fiverr huchukua asilimia 20 ya malipo ya muuzaji. Anayefanikiwa huko kwa kawaida hajitangazi kuwa anafanya kila kitu. Huchagua eneo moja, kwa mfano lebo za vyakula au majalada ya vitabu, na kuonyesha kazi nane hadi kumi na mbili bora za eneo hilo kwenye ukurasa wake au kwenye Behance, mtandao wa kuonyesha kazi za usanifu.

Kupokea pesa kunahitaji mpango. Kwa muda mrefu akaunti za PayPal za Tanzania zimeweza kutuma pesa bila kupokea, kwa hiyo wengi hutumia Payoneer na kuhamishia benki ya nchini. Kwa wateja wa ndani, hata kama ni hoteli ya watalii karibu na Mkomazi, kanuni za mwaka 2025 zinataka bei zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Saa nazo zipangwe. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi kwao, Ndungu ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao na saa kumi jioni wakati wa kiangazi. Dizaina anayelala mapema humjibu mteja huyo siku ya pili, na kazi huwa imeshakwenda kwa mwingine.

Kati ya soko la kijiji na soko la dunia kuna kundi linalosahaulika: Watanzania walioko Oman, Uingereza, Marekani na kwingineko. Hao hutaka kadi za sendoff, harusi na arobaini kwa Kiswahili sahihi, wanajua desturi zinazohusika, na wana ndugu nyumbani wanaoweza kupokea kazi iliyochapwa au kulipa kwa simu. Mteja mmoja kutoka Ndungu anayeishi ughaibuni huleta ukoo mzima.

Akili unde, inayotoa picha kwa kuandikiwa maelezo, imeingia pia kwenye kazi hii. Inafaa kwa kutafuta wazo la haraka au usuli wa picha. Mara nyingi hukosea maneno ya Kiswahili ndani ya mchoro na haijui mahitaji ya lebo ya TBS wala rangi ambazo kamati ya harusi imeziteua. Kazi inayopotea kwanza ni ile ya posta za haraka zisizo na uhakiki. Inayobaki ni ile ya kumsikiliza mteja, kuandaa faili lisilo na kasoro na kubeba dhamana ya matokeo.

Kukua na kujilinda

Kazi zikizidi uwezo wa mtu mmoja, hatua ya kawaida ni kumchukua mwanafunzi wa kuhakiki na kuandaa mafaili, kisha kununua kifaa kimoja kinachojilipa, kama mashine ya kubana fulana kwa joto au printa ya stika. Printa kubwa ya mabango hufaa pale tu kazi zinazopelekwa nje kila mwezi zinapotosha kulipa wino, matengenezo na muda ambao mashine itakaa bila kazi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Madizaina wachache wakijiunga na fundi cherehani na mpiga picha, kikundi chao huweza kuomba mkopo wa vifaa vya pamoja.

Mwisho kuna yale ambayo mwajiriwa hufanyiwa na mwajiri. Hifadhi ya jamii, NSSF, hupokea michango ya waliojiajiri, na bima ya afya ni gharama ya kuingizwa kwenye hesabu ya bei sawa na bando na umeme. Msimu wa mahafali na harusi hufuatwa na miezi mitupu, hivyo sehemu ya kila malipo huwekwa akiba ya kutosha matumizi ya miezi miwili au mitatu. Dizaina mwenye akiba hiyo huweza kukataa kazi ya bei ya hasara, na bei anazozikataa ndizo hupanga, baada ya muda, aina ya wateja wanaobisha hodi.